Chasaka maana yake nini haswa?

Juzi kwenye kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, huku Kibosho mlimani Kilimanjaro, kuna jamaa wa Dar kashuka kwenye kifodi (daladala za huku) anaponda kila kitu, vumbi, migomba, lafudhi zetu, "washamba nyie". Mama muuzaji akampa mbege kwenye kata ya kibuyu, jamaa akaomba glasi na mrija. Mama akamcheki, akacheka, akamwambia mwenzie "muache bana, chasaka huyo". Jamaa akauliza ndo nini, watu wakazidi kucheka tu, basi acha nieleze mimi.

Chasaka (wengine wanasema kyasaka) ni mtu asiye Mchaga. Humo ndani kuna saka, yaani porini, kule chini tambarare. Kwa mtu wa mlimani mwenye kihamba chake (shamba la migomba la nyumbani) na mfereji unaoleta maji, ustaarabu unaishia pale migomba inapoishia. Siku hizi ni utani zaidi, ila lete mchumba wa kabila lingine nyumbani ndo utajua kama ni utani kweli.

Sasa shuka Arusha. Wamasai wana neno lao, ormeek, wengi wakiwa ilmeek, mtu asiye Mmasai, hasa huyu mvaa suruali anayeongea Kiswahili muda wote. Yaani suruali yako unayojidai nayo mjini ndo inakushusha, na hata Mmasai mwenyewe akisoma akarudi bomani kabadilika anaweza akaitwa hivyo hivyo na ndugu zake.

Halafu kuna mshenzi. Kabla halijawa tusi la kumtupia yeyote aliyekuudhi, watu wa Pwani waliwaita hivyo watu wa bara, wasio Waislamu, wasio na mambo ya kimji, na kinyume chake ni muungwana, mtu huru asiye mtumwa. Hata neno ustaarabu lenyewe lina Mwarabu ndani yake, ni Kiarabu, kuwa kama Mwarabu. Kwa hiyo misafara iliyopanda kutoka Pangani kufuata pembe za ndovu huku Kilimanjaro, iliwaona hawa hawa wenye mlima na mifereji yao kuwa ndo washenzi. Mwambie yule mama uone.

Mshamba halina fumbo, ni mtu wa shamba. Ila kumtukania Mchaga shamba ni kazi bure, huku asiye na kihamba ndo anayeonewa huruma.

Jamaa wa Dar kata ya pili aliinywa bila mrija.