Akwatinta: maji yaliyomo kwenye jina si ya kupakia rangi

Kila inaposambazwa ile picha ya hekalu kubwa la Thanjavur, kusini mwa India, ya mwaka 1798, chini yake huandikwa "mchoro wa rangi za maji wa Thomas Daniell", yule mchoraji Mwingereza. Ukiuliza, unajibiwa kwamba jina la mbinu yenyewe, akwatinta, lina maji ndani yake. Ni kweli limo neno maji, ila si maji hayo.

Akwatinta ni picha ya chapa. Bamba la shaba nyekundu hufunikwa vumbi la utomvu, asidi ikala shaba katikati ya chembe za vumbi hilo, na vijishimo vinavyobaki vikashika wino unaohamia kwenye karatasi. Kinachotoka si mistari bali toni, yaani kivuli kilichotandaa. Basi, maana ni hiyo.

Jina ndilo lenye kesi. Kwa Kilatini aqua ni maji, na tincta ni kilichotiwa rangi. Waitaliano wakayaunganisha: acquatinta. Ukitafsiri neno kwa neno unapata "maji yaliyotiwa rangi", na hapo ndipo wengi huishia wakaridhika. Lakini maji ya mchapaji yalikuwa aqua fortis, "maji makali", jina la zamani la asidi nitriki. Kwa Mswahili hili halipaswi kuwa gumu: fundi akisema maji ya betri yametoboa suruali yake, hakuna anayedhani ni maji ya bomba. Isitoshe, Kiitaliano kina neno ndugu, acquaforte, ambalo ni chapa ya mistari iliyoliwa kwa asidi. Hilo nalo lina maji mwanzoni, na hakuna anayeliita rangi za maji.

Kosa lina chimbuko, tukubali. Jean-Baptiste Le Prince, aliyeifanyia kazi mbinu hii Ufaransa miaka ya 1760, alitaka chapa iige mchoro wa wino uliozimuliwa na kupakwa kwa brashi. Paul Sandby, anayehesabiwa kuwa ndiye aliyeipa jina lake la Kiingereza, aliifuata njia hiyohiyo miaka ya 1770. Kwa hiyo mfanano ulikusudiwa, na wamefaulu mno kiasi cha kutuponza sisi wa baadaye.

Tazama kazi yenyewe inavyokwenda, uone maji yako wapi. Bamba husafishwa hadi lisibaki hata alama ya kidole chenye mafuta. Utomvu wa msonobari uliosagwa (kwa macho, unga wake hauko mbali na wa sandarusi) hunyunyizwa ufunike karibu nusu ya uso. Kisha bamba hupashwa moto kutoka chini mpaka chembe zing'ae na kushika. Moto ukiwa mdogo, chembe hung'oka ndani ya asidi na toni hutoka na mabaka. Ukizidi, huyeyuka zikaungana kuwa utando mmoja, na asidi haipati pa kupita. Mahali pa kubaki peupe, kama wingu, hupakwa vanishi. Bamba huzamishwa katika asidi iliyozimuliwa sana kwa sekunde 20 au 30, na hapo mwanga hafifu wa anga umekwisha patikana. Hutolewa, huoshwa, hukaushwa, anga huzibwa kwa vanishi, kisha hurudishwa. Weusi wa ndani ya lango la hekalu huweza kudai dakika 10 na zaidi kwa jumla. Wakati wote huo mapovu hufagiliwa kwa unyoya, maana povu likiganda mahali huacha doa jeupe lisilofutika. Mchoro wenyewe lazima uwe umegeuzwa kwenye bamba, la sivyo hekalu litatoka kulia kwake kukiwa kushoto. Na kwa kuwa vijishimo ni vya juujuu, baada ya nakala mia kadhaa vivuli huanza kuchakaa.

Thomas Daniell aliijua taabu hiyo. Alifika Calcutta, India, mwaka 1786 na mpwa wake William, wakachapa hukohuko picha 12 za mji. Katika barua ya mwaka 1788 alilalamika kwamba imembidi awe mchoraji, mchongaji, mfua shaba, mchapaji na kijana wa kumtumikia mchapaji, vyote yeye.

Sasa rangi za maji kweli zipo, na zipo mara mbili. Kwanza safarini: Daniell na mpwa wake walipita India ya kusini mwaka 1792, wakachora mahekalu kwa penseli na rangi za maji, wakisaidiwa na kamera obskura, yaani kisanduku chenye lenzi kinachoangaza sura ya kitu juu ya karatasi ili ifuatishwe. Hiyo ni michoro, na kila mmoja uko peke yake. Mabamba ya mkusanyo wao mkubwa, Oriental Scenery, picha 144, yalitolewa London kati ya 1795 na 1808. Ile ya Thanjavur imetoka miaka sita baada ya safari. Pili, baada ya kuchapwa, kila nakala ilipakwa rangi kwa mkono. Ndiyo maana nakala mbili za bamba moja hazilingani: hapa jiwe ni la manjano, pale la waridi. Nakala za William Hodges, mchoraji aliyewatangulia na kutoa picha 48 za India kati ya 1785 na 1788, zipo za kahawia tupu na zipo zilizopakwa. Anayebishania rangi ya mawe ya hekalu kwa kutazama nakala moja anabishana na brashi ya mpakaji.

Kwa lenzi ya kukuza mara 10 ubishi huisha. Kwenye kivuli utaona vijisiwa vyeupe vimezungukwa na wino, kama ardhi iliyopasuka kwa jua, na rangi imepita juu yake bila kujali mipaka. Pembeni mwa picha kuna mbonyeo wa ukingo wa bamba, ikiwa karatasi haijakatwa. Picha za mji wa Benares, India, za James Prinsep za miaka ya 1830 hazina mbonyeo huo, kwa sababu ni litografia, zimechapwa kwa jiwe. Ukiona vitone vilivyojipanga kwa safu, hiyo ni nakala ya mashine ya juzi tu.

Kwa hiyo chini ya picha ile inatosha kuandika "akwatinta, imepakwa rangi kwa mkono". Na ukiwa na shaka, andika "chapa" tu. Jina la Daniell libaki hapohapo lilipo.