Je, wajua kwa nini vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu na vyembamba?

Ukiingia katika nyumba ya mawe ya karne ya 18 mtaani Mkomani, Lamu, utaona vyumba vimekaa kama ushoroba. Urefu upo wa kutosha, lakini upana ni kama pima moja na nusu tu, yaani mita 2.5 hadi 2.8. Wala si kwa sababu mwenye nyumba alikosa uwezo. Nyumba za matajiri ndizo zilizojengwa hivyo.

Inua macho utazame dari. Imebebwa na boriti za mkoko, mti mgumu unaokatwa kwenye vichaka vya maji ya chumvi kuzunguka visiwa vya Lamu. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa ya matumbawe, kisha humwagwa kokoto na chokaa na kushindiliwa mpaka sakafu ya juu ishikane. Uzito wake si mchezo. Boriti ikivuka nafasi kubwa zaidi ya upana huo hupinda katikati, na dari huanza kupasuka. Tena ncha zake mbili sharti zizame ndani ya kuta nene, kwa hiyo sehemu ya urefu wake humezwa na ukuta. Kinachobaki ndicho upana wa chumba. Boriti hizihizi zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni, na nyumba nyingi za kale za huko nazo zina vyumba vyembamba.

Basi tajiri wa Lamu alipotaka nafasi zaidi hakupanua chumba, aliongeza kingine nyuma yake, sambamba na cha kwanza. Ndiyo maana nyumba husomwa kwa mpangilio: unaanzia daka, yaani kibaraza cha mlangoni, unapita tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, unatokea kiwandani, ambako ni uwazi usioezekwa, kisha unafuata msana, chumba kirefu cha kukaa, halafu ndani, chumba cha faragha cha nyuma. Kila hatua ni ya faragha zaidi kuliko iliyotangulia.

Mpangilio huo una kasoro moja: mwanga. Madirisha ya kutazama njiani ni haba, hivyo mwanga karibu wote hutoka kiwandani, na kadiri unavyosogea nyuma ndivyo giza linavyozidi. Mafundi walilipunguza kwa lipu nyeupe ya chokaa, na kwenye ukuta wa ndani wakatia zidaka, safu kwa safu za vishubaka vya kuwekea vyombo vya kaure na vitabu. Zitazame kwa makini. Katika nyumba nyingine vishubaka havilingani ukubwa, na hila hiyo hulifanya jicho lidhani ukuta uko mbali kuliko ulipo. Kwa maoni yetu hakuna ufundi mzuri kuliko huo katika mji mzima, hata milango ya nakshi inayopigwa picha zaidi.

Adui wa nyumba hizi ni maji. Paa likivuja, unyevu huteremka hadi pale ncha ya boriti ilipozama ukutani, na boriti huoza pale pasipoonekana huku katikati ikionekana nzima. Kosa la pili ni kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe. Chokaa huruhusu unyevu utoke, saruji huufungia. Chumvi iliyomo ukutani husukuma kutoka ndani, na lipu huanguka kwa mabamba. Ukiona ukuta uliobambuka hivyo ilhali jirani yake wa chokaa ni mzima, mara nyingi sababu ni hiyo.

Ukitaka kuyaona haya bila kubisha hodi kwa watu, nenda kwenye makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili, iliyo Mkomani humohumo. Nenda jua likiwa juu, karibu na adhuhuri, linapopenya moja kwa moja hadi chini kiwandani. Alasiri vyumba vya nyuma huwa na giza mno kuona nakshi. Ukija kwa ndege utashukia kisiwa cha Manda, na ukija kwa barabara utaishia Mokowe. Kutoka kote kuwili huvuka kwa boti. Ndani ya mji ni miguu yako au punda. Ukisikia mtu nyuma yako akipaza sauti ya kuomba njia, jibanze ukutani: punda aliyebeba mawe ya ujenzi huchukua karibu upana wote wa kichochoro.