Kujua simu sio kujua kazi: vitu tunavyoaminishana kuhusu kompyuta na maisha ya ofisini

Tangu serikali ihamie Dodoma vijana wanaotafuta kazi wamejaa mji huu, wa vyuo vya UDOM, CBE, Mipango na St. John's, na wengine wanatoka huko Manyoni na Kondoa na bahasha ya vyeti mkononi, na ukikaa nao ukawasikiliza unagundua akili wanazo na bidii wanayo, ila kuna mambo wameaminishana ambayo ndio yanawakwamisha. Inaniuma kwa sababu mengi yanarekebishika ndani ya wiki chache tu.

La kwanza na kubwa kuliko yote: "kompyuta mimi naijua, nimekua na simu mkononi". Hapana mdogo wangu. Simu imetengenezwa ikufichie mambo, picha inakaa wapi hujui, faili ukishalipakua unalitafuta kwenye WhatsApp ya mtu aliyekutumia. Ofisini utaambiwa fungua folda ya mwezi wa tatu, chukua orodha, ihakiki, mtumie mhasibu, na hapo ndio watu wanaanza kutoka jasho. Kazi ya ofisini kipimo chake ni kimoja, mtu mwingine aipokee aendelee nayo bila kukupigia simu kukuuliza hii ni nini.

Nitoe mfano, maana hapa ndio penye maumivu. Umepewa daftari la wakulima wa zabibu wa Hombolo, majina, namba za simu na namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa), uingize kwenye Excel, ile programu ya majedwali. Unaandika namba ya simu inayoanza na 0, ukibonyeza Enter ile sifuri imepotea. Unaandika namba ya NIDA yenye tarakimu 20 bila vistari, Excel inakuonyesha kitu kama 1.99E+19, na kibaya zaidi yenyewe inatunza tarakimu 15 tu kwenye namba, zile 5 za mwisho inazigeuza sifuri na hazirudi tena hata ukipanua seli. Mtu hajui, anahifadhi, anatuma, anaenda zake nyumbani, kesho yake orodha nzima haimtambui mkulima hata mmoja na inabidi daftari litafutwe upya. Dawa yake ni kuchagua safu nzima kabla hujaanza kuandika, ukaiweka iwe Text, yaani maandishi na sio namba, basi, sekunde kumi. Hicho kitu hukioni kwenye cheti chochote, unakijua kwa kufanya na kwa kurudi kukagua ulichoandika.

Na hapo hapo kwenye cheti: kozi ya wiki mbili ya "kompyuta" sio mbaya, lakini cheti peke yake hakikai kichwani. Kama huna laptopu, Google Sheets, ndugu yake Excel, ni ya bure na inafanya kazi kwenye simu yako hiyo hiyo, andika matumizi ya ghetto, michango ya harusi ya kaka yako, jifunze SUM (kujumlisha) na SUMIF (kujumlisha zile tu zinazotimiza sharti fulani) kwa hela unazozijua mwenyewe.

Lingine ni hili la steshenari. Watu wanasema "mambo ya Ajira Portal nimemwachia jamaa wa steshenari, yeye ndio mtaalamu", yaani ile tovuti ya kuombea kazi za serikali. Jamaa anakufungulia imeili, anaweka pasiwedi anayoijua yeye, anapakia barua yako. Ukweli ni kwamba imeili ndio ufunguo, kwa sababu ukisahau pasiwedi ya akaunti, mara nyingi njia ya kuirudisha inapitia huko, kwa hiyo aliyeishika ameshika kila kitu. Majina ya usaili yanatoka, wewe unasubiri upigiwe simu. Nenda steshenari kuskani na kuprinti, lakini akaunti fungua mwenyewe, weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye imeili (pasiwedi peke yake haitoshi, inahitajika na hatua ya pili kama namba inayokuja kwenye simu yako), na ingia mara kwa mara uone maombi yako yamefikia wapi.

Sasa hizi stadi za kukaa na watu. Wengi wanadhani ni kuongea sana, au mtu anazaliwa nazo. Sikubali kabisa. Angalia hapa kwetu, bosi akimaliza kutoa maelekezo akauliza "mmeelewa?" wote tunajibu "ndiyo mkuu" hata kama hatujaelewa kitu, tunaona kuuliza ni kukosa adabu kwa mkubwa. Halafu kazi inakuja nusu. Heshima haipungui ukisema "samahani mkuu, naomba nirudie nihakikishe, unataka ripoti ya wilaya za Bahi na Chamwino tu, na unaitaka Alhamisi asubuhi?" Hiyo ni sentensi moja na inajifunzika. Hivyo hivyo kukosea, ukiona namba umezikosea sema leo kabla ripoti haijasafiri, usisubiri wagundue wao. Na yule mzee aliyetoka kijijini na fomu ameishika hajui aanzie dirisha gani, ukimwamkia "shikamoo mzee" ukamsikiliza mpaka mwisho, hiyo nayo ni kazi na wakubwa huwa wanaiona.

Kiingereza je? Kinasaidia, sikatai, ila anayedhani mawasiliano ni Kiingereza anajidanganya. Barua nyingi za serikali hapa zinaandikwa Kiswahili, na mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Kuna wahitimu hawawezi kuandika barua ya Kiswahili yenye YAH: inayoeleweka, hicho kitu kinasikitisha.

Kuhusu ChatGPT, ile programu ya akili bandia inayojibu maswali, nitasema kidogo. Itumie kupanga mawazo, lakini inaweza kukutungia kifungu cha sheria ambacho hakipo na ikakiandika kwa kujiamini kabisa, kwa hiyo hakiki. Na usibandike humo majina na namba za NIDA za watu, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na taarifa hizo sio zako.

Kama unataka kujipima, chukua ile orodha ya michango, mtumie rafiki yako bila maelezo yoyote, muulize nani bado hajalipa na jumla ni shilingi ngapi. Akikupigia simu kuuliza, irekebishe umtumie mwingine.