Zimwi Linaonewa: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Filamu za Kutisha za Kisayansi Zenye Bajeti Ndogo

Mtazamaji akiulizwa kasoro ya filamu ya kutisha ya kisayansi iliyotengenezwa kwa fedha kidogo, aghalabu atalinyooshea kidole zimwi: mshono unaonekana mgongoni, mpira umekunjamana shingoni, damu inafanana na rangi ya ukutani. Zimwi linaonewa. Makosa mengi hutendeka kabla mwigizaji hajalivaa, mengine baada ya kulivua, na hata utamu wa filamu hizi haupo pale unapodhaniwa.

Dhana: Kinachoziangusha ni ukosefu wa fedha za madoido, yaani hila za picha kama zimwi na damu

Kinachopungua kwanza ni muda. Ukurasa mmoja wa skripti hutoa takriban dakika moja ya filamu. Filamu ya dakika 90 ikipigwa kwa siku 45, timu inamaliza kurasa mbili kwa siku. Ikipigwa kwa siku 12, ni kurasa saba na nusu, na siku ya kazi ni ileile ya saa 10 au 12. Kila kamera inapohamishwa na taa kupangwa upya, dakika 30 hadi 45 zimekwenda. Shoti moja ya zimwi, ya sekunde tano tu, yaweza kula nusu siku: mwigizaji anavalishwa, bomba la damu linaziba, sakafu inafutwa, kazi inaanza upya.

Deni la hiyo nusu siku hulipwa na mazungumzo. Watu wanne wanawekwa kwenye chumba kimoja, kamera inasimama pembe mbili, kurasa tisa zinakwisha kabla ya jioni. Ndiyo sababu filamu hizi hulegea katikati: wanasayansi wanabishana, mlinzi anasimulia habari za mkewe, mtu anakwenda kuangalia jenereta na kurudi salama. Mtazamaji humlaumu mwandishi, kumbe iliyoandika ni ratiba.

Dawa ni kuandika hadithi ambayo chumba kimoja ndicho tatizo lenyewe. *Cube* (1997) ya Kanada ilijengewa chumba kimoja kamili cha futi 14 kwa 14, pamoja na kipande cha chumba cha pili cha kuchungulia. Paneli za rangi zilibadilishwa, na mtazamaji akaamini kwamba wahusika wanapita chumba baada ya chumba. *Coherence* (2013) ilipigwa usiku, kwa siku tano, nyumbani kwa mwongozaji wake James Ward Byrkit, bila skripti kamili. Kila mwigizaji alipewa maelezo yake mwenyewe asijue wenzake wamepewa nini. Mazungumzo hapo hayakuwekwa kuziba pengo. Ndimo hofu ilimokaa.

Dhana: Usilionyeshe zimwi kabisa

Ushauri huu una busara nusu. Filamu inayoficha hadi mwisho humwacha mtazamaji na hisia ya kudhulumiwa, hasa pale mabango yalipomwahidi kiumbe. Kinachofaa ni kulionyesha kwa vipande na kwa kipimo: mkono, kivuli, mdomo, kisha umbo zima kwa fremu 24 hadi 36, yaani sekunde moja au moja na nusu, kabla ya kukata. Jicho likipewa sekunde nne, linaanza kukagua mshono.

Taa kuu iwe nyuma ya kiumbe, si mbele. Mwanga wa nyuma hutoa umbo na kuficha ngozi. Wa mbele hufanya kinyume. Ngozi ya mpira ikiwa kavu inanyonya mwanga na kuonekana kama kiatu, hivyo ilowanishwe. Ute wa bei rahisi ni unga wa methiliselulosi: gramu 20 hivi kwa lita moja ya maji. Unga ukorogwe kwanza kwenye theluthi moja ya maji hayo yakiwa ya moto sana, kisha theluthi mbili ziongezwe zikiwa baridi, na mchanganyiko ulale usiku kucha hadi ung'ae. Ukimwaga unga moja kwa moja kwenye maji baridi, unapata madonge yasiyoyeyuka. Na eneo la ngozi ya mwigizaji kuzunguka macho lipakwe rangi ya kinyago. Wengi husahau, na ule mduara mdogo wa ngozi ya binadamu ndio unaoivua siri filamu nzima.

Dhana: Madoido ya mikono ni bora daima, ya kompyuta ni uvivu

Mashabiki hulishika hili kama imani. Madoido ya mikono nayo yana namna zake za kuharibika. Silikoni inayogandishwa kwa platini haigandi ikigusana na salfa au lateksi (mpira wa asili). Mchongaji akitumia udongo wa kufinyangia wenye salfa, au akivaa glovu za lateksi, uso wa kinyago unabaki unanata hata baada ya siku kadhaa, na hakuna namna ya kuuokoa. Tumia udongo usio na salfa na glovu za vinili, ujaribu kwanza kwa gramu 50 kabla ya kumimina kilo tatu.

Modeli ndogo za majengo na vyombo vya anga nazo husalitiwa na kasi. Kitu kinachoanguka kwenye modeli ya 1/16 (iliyopunguzwa mara 16) hufika chini kwa robo ya muda ambao kingetumia katika ukubwa halisi, kwa hiyo macho hugundua kwamba ni kidude. Kanuni ni kuzidisha fremu 24 za kawaida za kila sekunde kwa kipeuo cha pili cha mara ambazo modeli imepunguzwa: modeli ya 1/16 ipigwe kwa fremu 96 kwa sekunde, ya 1/4 kwa fremu 48. Kasi hiyo inadai mwanga mwingi zaidi, na tundu la lenzi linatakiwa kufinywa hadi f/16 (kipimo cha tundu dogo) au karibu na hapo ili mbele na nyuma vyote vionekane wazi. Maji na moto ni vigumu zaidi, kwa sababu tone la maji halikubali kupunguzwa.

Upande wa kompyuta, programu ya kutengeneza picha za kompyuta kama Blender ni ya bure, kwa hiyo kisingizio cha bei kimekufa. Gareth Edwards alitengeneza mwenyewe madoido ya *Monsters* (2010), filamu aliyoiongoza na kuipiga picha, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa vitu visivyojisifu: vibao, magari yaliyoharibika, uzio. Kiumbe wa kompyuta huonekana wa uongo kwa sababu nne hivi: weusi wake haulingani na weusi wa picha, hana chembechembe (vidoadoa vya picha) za kamera, hana ukungu wa mwendo, na miguu yake haitoi kivuli mahali inapokanyaga. Ili kuzuia hayo, kabla ya kuondoka kwenye seti piga sekunde tano za mpira wa kijivu na mpira wa kioo pale kiumbe atakaposimama. Mipira hiyo itakuonyesha mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani.

Dhana: Giza ni bure, tena huficha kila kitu

Giza lisilowekewa taa si giza, ni matope. Kamera inaongezewa usikivu wa mwanga, chembechembe zinatambaa ukutani, na filamu ikishabanwa ili irushwe mtandaoni sehemu nyeusi zinageuka viraka vya mraba. Weka taa moja kali nyuma, moshi mwepesi hewani na maji sakafuni. Vitatu hivyo hutoa usiku unaosomeka. Ukilazimika kupiga onyesho la usiku wakati wa mchana, punguza mwanga kwa stopu mbili (hadi robo yake), weka kamera kwenye 3200 K (kipimo cha rangi ya mwanga) ili picha iwe ya buluu, jua liwe nyuma ya waigizaji, na anga isiingie kwenye fremu kabisa.

Dhana: Damu ni damu

Damu ya kuigiza ni hii: kikombe kimoja cha shira ya mahindi, vijiko viwili vya chai vya rangi nyekundu ya chakula, matone mawili matatu ya bluu, na kijiko cha chai cha kakao ili isipenyeze mwanga. Chini ya taa ya buluu mchanganyiko huu huonekana mweusi, basi upunguze bluu na kakao. Hunata, huita nzi, hutia doa ngozi na nguo. Andaa mashati matatu yanayofanana. Kwenye picha nyeusi na nyeupe rangi haina kazi: *Night of the Living Dead* (1968) ilitumia shira ya chokoleti.

Dhana: Picha ndiyo filamu, sauti itarekebishwa baadaye

Mtazamaji husamehe picha yenye chembechembe. Sauti yenye mwangwi wa bafuni huifunga filamu dakika ya tatu. Maikrofoni iwe nusu mita hivi kutoka mdomoni, si juu ya kamera iliyo mita tatu mbali. Katika kila chumba rekodi sekunde 60 za ukimya wake, la sivyo kila mkato utasikika kama mlango unaofunguliwa. Jokofu lizimwe, na funguo za gari ziwekwe ndani yake ili asiwepo wa kuondoka bila kuliwasha.

Kuna kosa lingine la sauti linaloua hofu yenyewe. Mshtuko huhitaji ukimya wa kutangulia. Filamu inayopiga muziki kwa nguvu tangu mwanzo haina mahali pa kupanda zimwi likija.

Dhana: Sayansi haina maana, hakuna anayeijali

Mtazamaji hadai iwe sahihi, anadai isibadilike. Kosa la kawaida ni daktari kueleza virusi kwa kurasa mbili, kisha dakika ya 80 kiumbe kinauawa kwa umeme ambao dakika ya 40 haukukidhuru, kwa kuwa nyaya ndizo pekee zilizobaki kwenye seti. Kanuni moja au mbili zinatosha, zisemwe kwa sentensi fupi. Filamu ya 1968 iliyotajwa juu ilitaja tu chombo kilichorudi kutoka Zuhura na mionzi yake, tena kupitia maafisa wanaobishana kwenye televisheni. Hakuna aliyethibitisha, na wasiwasi ukaongezeka.

Dhana: Watu huzipenda kwa sababu ni mbovu

Ingekuwa hivyo, zile zinazotengenezwa mbovu kwa makusudi zingependwa zaidi. Nyingi huchosha upesi, maana mwigizaji anayemkonyeza mtazamaji amekwisha mwambia asiogope. Zinazodumu zilitaka kwa dhati jambo lililozidi mfuko. *Robot Monster* (1953) ilimvalisha mtu vazi la gorila na kofia kama ya mzamiaji, ikakusudia kwa moyo wote awe mvamizi kutoka anga za mbali. *Dark Star* (1974) ya John Carpenter ilitumia mpira wa ufukweni kama kiumbe wa anga. Mwandishi mwenzake, Dan O'Bannon, baadaye aliandika *Alien* (1979), ambamo kiumbe hachekeshi hata kidogo. Kuna pia uhuru: pasipo wakubwa wa kuogopa hasara, mhusika mkuu anaweza kufa, na jibu linaweza lisitolewe.

Dhana: Ikipendwa, mwenyewe ametajirika

*Night of the Living Dead* ilipobadilishwa jina, tangazo la hakimiliki liliachwa nje ya nakala. Sheria ya Marekani ya wakati huo ililidai, kwa hiyo filamu ikawa mali ya umma. Yeyote aliweza kuinakili na kuiuza. Sheria hiyo imebadilika, lakini wasambazaji bado hukataa filamu kwa makaratasi: mkataba wa mwigizaji usiosainiwa, muziki usio na kibali, au kukosekana kwa ufito wa sauti wenye muziki na milio bila maneno. Ufito huo ndio unaoruhusu kuingiza lugha nyingine, na ni rahisi kuuandaa wakati wa kuchanganya sauti kuliko kuujenga upya baada ya faili za mradi kupotea.