Kijumba cha ndege: kabla hujatundika, jua unamkaribisha nani

Tangu mvua za vuli zikatike, ofisini kwetu hapa Zanzibar zinaingia simu za aina tatu. Wa kwanza ametundika kijumba bustanini, mwezi wa tatu sasa, na chozi hawaingii. Wa pili ndege wake waliingia wakatotoa, lakini kunguru wamemaliza vifaranga. Wa tatu, na hawa ndio wengi, anataka tupeleke watu usiku wakamtoe bundi. Tunawajibu wote hapa.

Chozi hataingia. Mnana naye hataingia. Chozi hushona kifuko chake akakining'iniza kwenye ncha ya tawi, na mnana husuka cha kwake kwa majani ya mnazi mbele ya macho yetu kila mwaka, kwa hiyo sijui nani aliwaambia watu kuwa wanatafuta nyumba ya mbao. Ukimtaka chozi, mgomba mmoja uliotoa ua unatosha. Anayekaa kijumbani ni ndege ambaye kwa maumbile yake hutaga ndani ya shimo: shorewanda, kwenzi mweusi yule mwenye jicho la rangi ya chungwa, na bundi. Zamani mashimo hayo waliyapata kwenye minazi iliyokufa kilele. Siku hizi mnazi ukifa tu unaangushwa, ndiyo maana kijumba kina faida.

Vijumba vinavyouzwa vimepakwa rangi nzuri na mbele ya tundu vimechomekwa kijiti. Kijiti hicho king'oe. Kwenzi hakihitaji, kucha zake zinamtosha. Anayekihitaji ni kunguru, anayekaa hapo kwa raha zake akisubiri kinda atoe kichwa. Mwambie seremala atumie mbao nene ya sentimita mbili, si plaiwudi inayofumuka masika ya kwanza, na paa lisiwe la bati, maana makinda yataiva. Ndani asipige randa wala asipake rangi, makinda wapate pa kushika wanapopanda. Chini atoboe matundu madogo manne ya kutoa maji, na ubavu mmoja aufunge kwa bawaba ili uweze kufunguliwa. Kwa kwenzi mlango uwe na upana wa sentimita tano, na kutoka mlangoni hadi sakafuni kuwe na sentimita 25 au zaidi, mdomo wa kunguru usifike. Tundika kivulini, na mlango usitazame kusini, kwa sababu masika huja na kusi.

Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu aliletwa kutoka India miaka ya 1890 ili asafishe mji. Tunaye mpaka leo. Wanaolalamika zaidi juu yake ndio hao hao wanaomwaga ukoko wa wali chini ya kijumba “ndege wale”. Ndege gani?

Sasa bundi. Mwaka juzi nilikwenda nyumba moja Mwera, kijumba kikubwa kilikuwa kwenye mwembe nyuma ya jiko. Bi mkubwa wa nyumba alinipokea kwa heshima zote, kisha akasema: “Mwanangu, huyu kazi yake kulia mtu afe. Na humo ndani ana nyoka, nawasikia wanapuliza.” Wanaopuliza ni makinda. Kinda wa bundi mweupe akisikia njaa au hofu hutoa pumzi kama nyoka, na mama yake hukwaruza sauti kama bati linalochanwa. Chini ya mwembe niliokota vidonge vyeusi vinne, ukubwa wa kidole gumba, ambavyo bundi huvitapika baada ya kula, nikavipasua kwa kijiti juu ya ungo wake. Yalitoka manyoya, mifupa kama sindano, na mafuvu tisa ya panya yenye meno ya njano. Bi mkubwa aliyahesabu mwenyewe, mara mbili, kisha akaniuliza kama ndio hao waliokuwa wakitoboa magunia yake ya mpunga.

Kwa hiyo hatuji kumtoa bundi. Mayai huatamiwa karibu mwezi mmoja, na makinda huruka baada ya wiki nane hivi. Vumilia miezi mitatu. Na usitege sumu ya panya nyumba hiyo, kwa sababu panya aliyekula sumu atamuua bundi na makinda yake. Ndugu zetu wa Pemba wawe waangalifu zaidi: yule bundi mdogo anayelia mikarafuuni na msitu wa Ngezi hapatikani kisiwa kingine chochote duniani.

Kuhusu taratibu. Kijumba ndani ya ua wako hakihitaji kibali. Ukitaka kutundika kwenye mti wa barabarani, wa skuli au wa shamba la Serikali, ikiwemo mikarafuu ya eka tatu (mashamba waliyogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi), anza kwa sheha akuandikie barua. Barua hiyo iambatane na nakala ya kitambulisho chako cha Mzanzibari Mkaazi na maelezo ya mti ulipo. Bila barua ya sheha ombi linarudishwa, tafadhali msitupigie kuuliza kwa nini. Kwa Mji Mkongwe usipigilie kitu chochote kwenye ukuta wa nje au roshani kabla ya kuiona Mamlaka ya Uhifadhi. Njiwa wa kufuga ni suala la mifugo, si letu. Na kijumba si mtego: kukamata au kuuza ndege wa porini bila kibali kunakuingiza kwenye Sheria ya Misitu Namba 10 ya 1996, na kusema “aliingia mwenyewe” si utetezi. Tumeshausikia mara nyingi.

Usafi ni mara moja kwa mwaka, kabla ya masika, baada ya kufungua ubavu na kuhakikisha hamna yai wala kinda. Funika pua na mdomo, vaa glavu, toa uchafu wote, mwaga maji ya moto kuua utitiri, acha kikauke jua kutwa. Dawa ya mbu usipulize. Ukikuta nyuki, funga polepole umwite mfugaji nyuki. Ukikuta ndege kadhaa wamekufa, usiwashike, mpigie afisa mifugo. Kijumba cha bundi ndicho pekee kisichosafishwa chote: bakisha vidonge vilivyopondeka, unene wa vidole viwili, kwa sababu bundi hatandiki kingine chochote cha kutagia.