Helen Keller hakuwa wa kwanza

Wengi wanaamini kwamba Anne Sullivan, aliyemfundisha Helen Keller, mwandishi Mmarekani asiyeona wala kusikia, ndiye mwalimu wa kwanza kumfikia mtoto asiyeona wala kusikia. Sivyo.

Miaka 50 kabla yake, mwaka 1837, Samuel Gridley Howe alimpokea Laura Bridgman katika shule yake ya wasioona huko Boston, Marekani. Laura alikuwa na miaka 7. Howe alibandika karatasi zenye herufi zilizoinuka kwenye kijiko, kisu na ufunguo. Mtoto akapapasa kitu, akapapasa na jina lake, siku nenda siku rudi, mpaka akang'amua kwamba alama zile zina maana. Baadaye akafundishwa kutamka herufi kwa vidole kiganjani.

Sullivan, ambaye macho yake mwenyewe yaliharibiwa na trakoma, alisoma shule hiyohiyo na kuishi na Laura. Hata mwanasesere aliompelekea Helen mwaka 1887 alivishwa nguo zilizoshonwa na Laura!

Sifa halisi ya Sullivan iko kwingine: aliachana na vipindi vya ratiba, akawa anamwandikia Helen kiganjani sentensi nzima, kama mama anavyomsemesha mtoto mchanga.