Gari la Ligi Huchaguliwa kwa Kumtazama Dereva wa Katikati

Kila msimu mpya wa ligi ya mbio za magari za mtandaoni unapopangwa, mjadala huanza kwa kuuliza ni gari gani linalopendwa zaidi, na kura zikipigwa, mara nyingi hushinda gari lenye kasi kuliko yote yaliyopendekezwa. Mimi ni mratibu wa ligi za aina hii, na msimamo wangu ni kwamba kura hiyo haifai kuwa neno la mwisho. Madereva watatu wa mbele watalifurahia gari lolote, kwa sababu wana muda wa mazoezi na uwezo wa kulizoea upesi. Ligi husimama au huvunjika kwa sababu ya wale wanaomaliza kati ya nafasi ya nane na ya ishirini, na kwa hiyo gari pamoja na utaratibu wa mbio vichaguliwe kwa kuwazingatia wao.

Kabla ya kuamua, huwaomba madereva wote waendeshe magari yaliyopendekezwa kwenye saketi (njia ya mbio) moja, kisha nikalinganisha muda wa dereva mwenye kasi zaidi na wa dereva wa katikati. Dereva aliye nyuma kwa asilimia 3 kwenye saketi inayozungukwa kwa sekunde 100 hupoteza sekunde 3 kila mzunguko, hivyo baada ya mizunguko 20 anakuwa nyuma kwa dakika nzima, akiendesha peke yake bila wa kushindana naye. Gari lenye nguvu kidogo na mshiko mdogo hupunguza pengo hilo. Mazda MX-5 Cup, ambalo watumiaji wa iRacing, simuleta (mchezo wa kompyuta unaoiga mbio halisi) ya kulipia, hulipata bila malipo ya ziada, lina nguvu za farasi chini ya 200, na mtu akijificha nyuma ya mwenzake penye mnyooko mrefu, hewa iliyokwisha kupasuliwa humvuta mbele kiasi kwamba hata aliyeteleza kidogo kwenye kona iliyopita anaweza kulifikia tena kundi. Suala la malipo nalo si dogo: katika simuleta ambazo kila gari na kila saketi hununuliwa peke yake, kalenda iliyojaa saketi za kulipia huwaondoa watu kabla injini haijawashwa.

Magari ya GT3, yaani magari ya kifahari ya barabarani yaliyogeuzwa kuwa ya mbio, ndiyo yanayoombwa sana, na sababu zake ni za msingi. Daraja hilo lilianzishwa mwaka 2006 chini ya Stéphane Ratel, likikusudiwa kuwawezesha madereva wasio wa kulipwa kushindana kwa magari ya kifahari, na ndiyo maana yana mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge wakati wa breki na mwingine wa kuyazuia yasizunguke ovyo wakati wa kuongeza mwendo. Dereva wa kawaida huyamudu haraka. Ugumu upo kwenye kusawazisha modeli mbalimbali, kwa kuwa uzito na nguvu hurekebishwa ili magari yakaribiane, lakini gari lenye injini nyuma na lenye injini mbele hayawezi kuwa sawa kwenye kila saketi, na mtu akishindwa, huanza kuulaumu usawazishaji badala ya breki zake. Kwa ligi changa nashauri modeli moja tu kwa wote. Uhuru wa kuchagua uje baadaye, waamuzi wakishazoeana na madereva.

Magari ya magurudumu wazi, yaani yasiyofunikwa na bodi kama ya Formula 1, yanahitaji tahadhari zaidi, na sababu yake ni mtandao wenyewe. Gari linalokwenda kilomita 180 kwa saa husafiri mita 50 kila sekunde. Taarifa zake zikichelewa kwa sekunde 0.1, gari hilo limekwisha kusogea mita 5, yaani zaidi ya urefu wa magari mengi, na simuleta hulazimika kukisia mahali lilipo. Kwenye magari yenye bodi iliyofunika magurudumu, makisio yakikosewa kidogo huishia kwenye kugusana kwa bampa. Kwenye magurudumu wazi, gurudumu hupanda gurudumu na mbio za watu wawili zimekwisha. Ligi yenye madereva walio mbali na seva (kompyuta inayoendesha mbio) na bado ikachagua gari la aina ya Formula inajitafutia mashauri mengi ya kusikiliza kila wiki.

Kuhusu marekebisho ya gari, nataka mpangilio mmoja uliofungwa kwa wote, kwani mwenye kazi na familia hana saa za kupima springi na shinikizo la matairi.

Kwa upande wa utaratibu, mbio mbili za dakika 20 huwafaa wengi kuliko mbio moja ya dakika 40. Aliyegongwa kwenye kona ya kwanza ana nafasi nyingine jioni hiyohiyo, na mpangilio wa kuanza mbio ya pili unaweza kugeuzwa kwa walioongoza, kama Formula 2, daraja lililo chini ya Formula 1, inavyowageuza kumi bora wa majaribio ya kupanga nafasi kwa ajili ya mbio fupi. Mimi hugeuza kwa kutumia matokeo ya mbio ya kwanza, na huishia nafasi ya nane, kwa kuwa kugeuza kundi lote huwaweka wasio na uzoefu mbele ya wenye haraka na kuzaa ajali. Saketi ndefu kama Nordschleife ya Ujerumani, yenye zaidi ya kilomita 20, haifai kwa mbio fupi za namna hii, kwani mizunguko huwa michache mno na kundi hutawanyika mapema.

Pointi zigawiwe hadi wa mwisho aliyemaliza. Mfumo wa Formula 1 wa 25, 18, 15 na kuendelea huwazawadia kumi tu, na kwenye ligi ya madereva 25 humwacha wa kumi na moja mikono mitupu baada ya kupigana usiku kucha. Kuacha matokeo mabaya, yaani kutoyahesabu kwenye jumla ya msimu, nako kuna mipaka. Mwaka 1988, kwenye Formula 1, Alain Prost alikusanya pointi 105 na Ayrton Senna 94, lakini kwa kuwa matokeo 11 bora tu kati ya mbio 16 ndiyo yaliyohesabiwa, Senna alitwaa ubingwa kwa pointi 90 dhidi ya 87. Kwa raundi kumi, kuacha mbili kunatosha kumlinda aliyesafiri au aliyekatikiwa intaneti, mradi kanuni hiyo itangazwe kabla ya raundi ya kwanza. Raundi ambayo dereva ameenguliwa kwa kosa la uendeshaji isiachwe kamwe, kwa sababu mwenye raundi ya akiba mkononi angeweza kumgonga mpinzani wake wa ubingwa bila kupoteza chochote.